Gunia Moja Hudungwa Mara Ngapi? Tathmini ya Huduma za Kahawa na Barabara Uganda Baada ya Mamlaka Kurudishwa Wizarani

Kontena moja la futi 20 la kahawa hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Kutoka ghala la Kampala hadi mpaka wa Malaba, mzigo huo ulikuwa ukipita mikononi mwa taasisi kadhaa za serikali, kila moja na sheria yake, wakaguzi wake na malipo yake. UCDA, mamlaka ya kuendeleza kahawa, ilitazama ubora wa kahawa. Wizara ya Kilimo ilitoa hati ya afya ya mimea. URA, mamlaka ya mapato, ilishika forodha. UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ilisimamia mizani ya barabarani. Mwishoni mwa 2024 mbili kati ya hizo zilifutwa kama mamlaka: kazi ya UCDA iliingia Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, na kazi ya UNRA ikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi.

Tathmini hii inaufuata mzigo huo, kwa sababu mwenye mzigo ndiye mteja, na mkulima aliye nyuma yake ndiye anayelipa kila shilingi inayopotea njiani. Hotuba za bungeni tunaziacha pembeni. Tunauliza gunia linadungwa mara ngapi kuchukuliwa sampuli, nani anasaini, na pesa inaingia mfuko gani. Muungano ukipunguza hayo, umefaa. Yasipopungua, kilichobadilika ni bango la mlangoni.

Baraza la Mawaziri liliidhinisha mpango wa kupunguza taasisi mwaka 2018. Wengi wanaujua kwa kifupi chake, RAPEX. Ulichelewa kwa sababu inayoeleweka: kila mamlaka ilizaliwa na sheria ya Bunge, na kuifuta kulihitaji sheria nyingine. Shirika la pamba, CDO, lilikuwa na sheria ya 1994, mamlaka ya maziwa ya 1998, NAADS, huduma ya ushauri kwa wakulima, ya 2001, UNRA ya 2006. Kahawa ilikuwa na sheria mpya kabisa ya 2021 iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na ndiyo iliyoleta vita. Muswada wake ulipitishwa tarehe 6 Novemba 2024, siku ambayo wabunge walishikana mashati ukumbini. Waliopinga walikuwa na hoja nzito, kwamba zao linaloingiza fedha nyingi za kigeni kiasi hicho halifai kufanyiwa majaribio. Waliounga mkono nao walikuwa na yao: mishahara ya mamlaka ilikuwa juu mno kuliko ya wizara kwa kazi zinazofanana, na wizara zilibaki maganda matupu.

Neno "kuunganisha" limetumika kwa mambo yasiyofanana, na hapa wachambuzi wengi wanateleza. Kuna kuunganisha taasisi mbili ndogo zikawa moja yenye bodi moja. Kuna kuivunja taasisi na kuifanya idara ya wizara. Kisha kuna kuziacha taasisi zote zilivyo na kuunganisha dirisha tu, mteja akapeleka nyaraka mahali pamoja. Gharama za njia hizi ni tofauti, na hata kuharibika kwake ni tofauti. Kahawa na barabara zimepita njia ya pili, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu idara haina mkurugenzi mtendaji wala bodi wala akaunti yake. Ina kamishna, na kamishna hasaini hundi.

Ghalani, mbele ya bambo

Tuanze pale ambapo faida ya muungano inaonekana kwa macho. Mkaguzi wa ubora akifika kwenye shehena ya magunia 320, anachukua bambo, kile chuma chenye mfereji na ncha kali, analichoma gunia kwa mshazari na kuvuta gramu 30 hivi za punje. Desturi ya kimataifa ni kudunga angalau gunia moja katika kila kumi. Kwa kontena letu ni magunia 32, karibu kilo moja ya kahawa. Zile punje humwagwa pamoja, zikachanganywa, zikagawanywa robo kwa robo hadi ibaki sampuli ya maabara isiyopungua gramu 300. Tundu la bambo kwenye gunia la katani hufungwa kwa kuzisugua nyuzi na ncha ya bambo lenyewe hadi zikutane. Mkaguzi mvivu hudunga magunia ya mbele tu, yale yaliyo karibu na mlango, na wauza kahawa wajanja wanalijua hilo tangu zamani: kahawa nzuri mbele, yenye unyevu nyuma. Kwa hiyo ukaguzi wa haki hufanyika wakati magunia yanapakiwa, yakipita moja moja, si yakiwa yamekwisha kupangwa hadi darini.

Kutoka hapo sampuli huenda kwenye mizani, kipima unyevu na chekecheke. Robusta ya Uganda huuzwa kwa namba za chekecheke: namba 18 ina matundu ya milimita 7.1, namba 15 ni karibu milimita 6, namba 12 ni 4.8. Punje zinazobaki juu ya 18 ndizo zenye bei. Mkaguzi anatenga kwa mkono nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na mdudu, anazipima na kuandika asilimia. Baadaye kahawa hukaangwa, ikapumzishwa angalau saa nane, ikasagwa na kuonjwa: gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93 hivi, gamba la juu likavunjwa kwa kijiko baada ya dakika nne. Katika kikombe hicho ndimo harufu ya ukungu hujitokeza, hata kama punje zilionekana safi machoni.

Unyevu ndio unaoleta hasara kubwa kuliko yote. Kikomo cha kahawa ya kusafirishwa ni asilimia 12.5. Shehena ya tani 19.2 yenye unyevu wa asilimia 14 ina kilo 16,512 za kahawa kavu kabisa. Ukiikausha hadi 12.5 unabaki na kilo 18,871. Kilo 329 zimepotea, magunia matano na nusu ya maji ambayo mtu aliyalipia kama kahawa. Ukiisafirisha bila kuikausha, joto la kontena baharini hupandisha maji hayo darini, yakageuka matone usiku na kudondokea magunia ya juu. Ukungu unaofuata unaweza kuacha sumu ya okratoksini, na Umoja wa Ulaya tangu 2023 unaruhusu mikrogramu 3 tu kwa kilo katika kahawa iliyokaangwa.

Sasa linganisha na hati ya afya ya mimea. Anayeitoa naye ni mkaguzi, anatazama wadudu hai, udongo na mabaki ya mimea, na mara nyingi ni katika ghala lile lile, juu ya magunia yale yale. Wakati wa mamlaka mbili, hawa walikuwa watu wa waajiri wawili, kila mmoja na gari lake, posho yake ya safari na siku yake ya nafasi. Leo wote wako chini ya Katibu Mkuu mmoja. Kwa maoni yetu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote katika muungano wa kahawa, na haidai ujenzi wala mkopo: mkaguzi mmoja aliyefunzwa kazi zote mbili, safari moja, sampuli moja iliyogawanywa mafungu mawili, fomu moja. Msafirishaji anayepanga kupakia aombe hivyo kwa maandishi, ataje tarehe na saa ya kupakia, aombe ukaguzi wa ubora na wa afya ya mimea ufanyike pamoja. Akiambiwa kwamba haiwezekani, aulize ni kanuni gani inayozuia. Sheria imeziweka kazi zote mbili chini ya paa moja, na ni haki ya mteja kuuliza kwa nini bado zina milango miwili.

Jina kwenye cheti

Jambo dogo linaloweza kugharimu kontena zima ni jina. Kwa zaidi ya miaka 30 wanunuzi wa Italia, Ujerumani na Sudan wamezoea kuona herufi UCDA kwenye cheti cha ubora. Mikataba mingi na barua za dhamana za benki, zile LC, ziliandikwa zikidai cheti "kilichotolewa na UCDA". Benki haionji kahawa. Inasoma karatasi. Kama LC inadai cheti cha taasisi fulani na cheti kilicholetwa kina jina la wizara, benki ina haki ya kukataa nyaraka, na chini ya UCP 600, kanuni za kimataifa za LC, ina siku tano za kazi tu za kuamua. Mzigo uko baharini, malipo yamesimama, na mnunuzi ambaye bei imemshukia anapata kisingizio cha kuomba punguzo.

Dawa yake ni rahisi ikitumiwa mapema. Kabla ya kupakia, soma kila mstari wa LC unaotaja mtoa cheti, umwombe mnunuzi aurekebishe useme "kilichotolewa na mamlaka husika ya serikali ya Uganda". Maneno hayo yanabaki salama hata kama idara itabadilishwa jina tena mwakani. Fanya hivyo kwenye mikataba ya kudumu pia, na kwenye maelezo yanayochapishwa juu ya magunia ikiwa kuna nembo ya zamani.

Malipo nayo yana mtego wa aina hiyo. Ada za serikali Uganda hulipwa kwa PRN, namba ya malipo inayotolewa kwenye tovuti ya URA, halafu unalipa benki au kwa simu. Unapoitengeneza unachagua taasisi inayolipwa na aina ya ada. Wakala wa forodha aliyezoea kuchagua jina la mamlaka ya zamani, au anayechagua wizara sahihi na ada ya idara nyingine, pesa yake itaingia serikalini vizuri kabisa, lakini dawati la kahawa halitaiona. Kuirudisha kunataka barua na kusubiri; wengi huona heri kulipa mara ya pili. Hakiki majina yote mawili kwenye PRN kabla ya kulipa hata shilingi, na uhifadhi nakala yake pamoja na namba ya kontena.

Tozo iliyokuwa ikiendesha UCDA ilikuwa asilimia 1 ya thamani ya kahawa inayosafirishwa. Tuseme kilo ni dola 4: kontena letu lina thamani ya dola 76,800, na tozo ni dola 768. Ibara ya 153 ya Katiba inataka mapato ya serikali yaingie Mfuko Mkuu, na hilo ni sawa kwa nidhamu ya fedha. Lakini mkulima ana haki ya kujua kama dola 768 zinarudi kwake kama betri ya kipima unyevu na mafuta ya gari la mkaguzi, au zinaishia kulipia jambo jingine. Hapo ndipo tunapofika kwenye udhaifu mkubwa wa huduma hii.

Fungu lililopotea kitabuni

Katika vitabu vya bajeti ya Uganda kila taasisi kubwa ina fungu lenye namba. UCDA ilikuwa Fungu 160. UNRA ilikuwa 113. Wizara ya Kilimo ni 010 na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ni 016. Zamani mtu yeyote aliyetaka kujua kahawa inapewa kiasi gani alifungua ukurasa wa Fungu 160 akaona mishahara, matumizi ya kawaida na maendeleo, mstari kwa mstari. Fungu likifungwa, fedha zake huingia ndani ya Fungu 010, zikachanganyika na mbegu, chanjo za mifugo na samaki. Shilingi iliyookolewa haionekani, wala iliyoongezeka.

Huu si ubishi wa wahasibu. Lengo lililotangazwa la muungano ni kupunguza gharama. Gharama ambayo haiwezi kusomwa haiwezi kuthibitishwa kwamba imepungua. Tungependa kuona mistari ya kahawa, maziwa na pamba ikitengwa ndani ya Fungu 010 kwa miaka mitano hivi, kila mmoja na jina lake. Haligharimu kitu zaidi ya wino.

Anayetaka kupima mwenyewe afanye hivi. Achukue bajeti ya mwaka wa mwisho kamili wa mamlaka, Julai hadi Juni. Aondoe fedha za maendeleo, kwa sababu miche na barabara zitahitajika hata baada ya muungano. Kilichobaki akigawe sehemu mbili: gharama za kuwa taasisi, na gharama za kufanya kazi. Gharama za kuwa taasisi ni posho za bodi, kodi ya pango, ofisi ya mkurugenzi, wahasibu, wanasheria, ununuzi, utumishi, ukaguzi wa ndani na magari ya wakubwa. Gharama za kufanya kazi ni wakaguzi, maabara, wahandisi, mizani. Akiba halali ya muungano inatoka sehemu ya kwanza tu. Ikionekana kwamba sehemu ya pili nayo imepungua, hiyo ni huduma iliyokatwa, na itamrudia mkulima kwa umbo la kontena lililokataliwa.

Halafu atoe gharama za kuhama. Viinua mgongo vya wafanyakazi walioachishwa, malimbikizo ya likizo, kesi mahakamani, kuhamisha hati za viwanja na kadi za magari, leseni za programu, mikataba ya ulinzi na intaneti iliyobaki na miezi. Malipo haya huja mwaka wa kwanza na wa pili. Akiba huja polepole baadaye. Anayetangaza akiba ya mwaka wa kwanza bila kutoa haya anahesabu upande mmoja wa daftari.

Wakati wa kuhama nao una bei. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kufunga taasisi katikati ya mwaka, kama ilivyokuwa kwa kahawa na barabara, maana yake bajeti iliyopitishwa kwa fungu moja inabidi itumike kupitia jingine, na zabuni zilizofunguliwa kwa jina moja zisainiwe na afisa masuuli mwingine. Zamani mkurugenzi mtendaji wa mamlaka ndiye aliyekuwa afisa masuuli wa kahawa peke yake. Sasa Katibu Mkuu anabeba kahawa pamoja na kila kitu kingine cha wizara. Betri ya kipima unyevu, gesi ya mashine ya kukaangia sampuli, gharama ya kuisawazisha mizani ya maabara: vyote vinasimama foleni moja na matrekta mbele ya kamati ya zabuni. Hapo ndipo huduma ndogo hufa. Haiuawi na mtu; inakosa saini siku tatu mfululizo, na meli Mombasa haisubiri.

Dawa yake ipo ndani ya kanuni za serikali zenyewe: kamishna wa idara apewe kwa maandishi mamlaka ya kutumia fedha ndogo za kazi, na vifaa vya maabara vinunuliwe kwa mkataba mmoja wa mwaka mzima unaoagizwa kidogo kidogo. Wasafirishaji wakikutana na wizara, hili ndilo la kudai kwanza, kabla ya kulalamikia ada.

Mizani

Barabarani mambo ni mepesi zaidi, na tunaupa upande huu alama ya juu. Sababu ni kwamba kanuni zenyewe hazikuwa za UNRA. Uzito wa magari unaongozwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016: ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10, ekseli pacha 18, ekseli tatu 24, na lori la ekseli saba lisizidi tani 56 kwa jumla. Mwenye mizani akibadilika, kilo hazibadiliki. Na ukaguzi wa usahihi wa mizani ni kazi ya shirika la viwango, UNBS, ambalo limebaki. Dereva anayesimama kwenye mizani ya Magamaga anaweza kuomba kuona stika ya uhakiki wa mizani.

Wenye kahawa hukosea hapa kwa hesabu rahisi. Kontena letu la magunia 320, pamoja na uzito wa magunia na wa kontena lenyewe, linafika karibu tani 22. Ukiweka mawili juu ya trela moja ni tani 44. Kichwa cha lori na trela ni tani 15 hivi. Jumla 59, umezidi tani tatu. Ndiyo maana makontena mawili yaliyojaa kahawa hayasafiri pamoja kihalali, hata kama trela ina nafasi. Kontena moja nalo linaweza kukukamatisha likiwekwa nyuma kabisa juu ya ekseli tatu, kwa sababu uzito wote unalala hapo. Lisogeze katikati, lifungwe kwa kufuli zote nne, na upime ghalani kabla ya kutoka.

Kwa wakandarasi wa barabara muungano una kazi kubwa zaidi. Mtandao wa barabara za taifa unazidi kilometa 21,000, na mikataba, dhamana za benki na makubaliano ya mikopo ya nje yalitaja UNRA kama mwajiri. Kila dhamana yenye jina la zamani inahitaji kuandikwa upya kabla haijaisha muda wake, maana dhamana yenye jina la taasisi isiyokuwepo ni karatasi. Mkandarasi asingoje kuitwa.

Upande wa mashirika yasiyo ya kiserikali tutapita haraka. Ofisi yao ilifanywa idara ya Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 2024, na sheria yao ya 2016 ikaendelea na marekebisho. Mwenye kibali afanye mawili: ahakikishe barua zake zinaelekezwa wizarani, na aanze kuhuisha miezi sita kabla ya kibali kuisha.

Majirani walipitaje

Kenya ilikwenda mbali kuliko Uganda na ikarudi. Bodi za kahawa, chai, sukari, pareto na nyingine ziliunganishwa kuwa AFA, mamlaka ya kilimo na chakula, chini ya sheria za 2013. Mazao yenye matatizo tofauti yakawekwa kwenye meza moja. Sheria ya Chai ya 2020 ikairudisha bodi ya chai, na Sheria ya Sukari ya 2024 ikairudisha ya sukari. Kuunganisha kulilipiwa, na kutenganisha kukalipiwa tena. Kilichozikosanisha ni kwamba taasisi ziliwekwa pamoja kwa kufanana kwa jina, zote "za mazao", ilhali kazi zao kila siku hazikufanana: chai inauzwa mnadani kila wiki, sukari inagombania vibali vya kuagiza kutoka nje.

Tanzania ilichukua njia finyu zaidi mwaka 2019, na kwetu ndiyo mfano bora. Mtengenezaji wa juisi alikuwa akisimamiwa na TFDA kwa usalama wa chakula na TBS kwa viwango, wakaguzi wawili kwa chupa moja. Chakula na vipodozi vikahamishiwa TBS. TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikaitwa TMDA. Hakuna aliyehesabu taasisi zilizopungua, maana zilibaki mbili. Kilichopungua ni wakaguzi wanaogonga mlango mmoja. Uganda yenyewe ina mfano wa namna hiyo: sheria ya mawasiliano ya 2013 iliunganisha usimamizi wa simu na wa utangazaji ndani ya UCC, tume ya mawasiliano, kwa sababu mnara mmoja ulikuwa umeanza kubeba vyote viwili. Muungano huo umedumu.

Na ipo njia ya dirisha. Mfumo wa Dirisha Moja la Kielektroniki unaoendeshwa na URA humwezesha mwenye mzigo kuomba vibali vya taasisi mbalimbali mahali pamoja. Huo ni muungano usiofukuza mtu wala kubadili sheria, na ungestahili kupewa nguvu kabla ya kufunga taasisi yoyote. Tungependa pia fomu zake ziwe na Kiswahili. Katiba inakitambua kama lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri Julai 2022 liliidhinisha kitumike rasmi. Dereva wa Busia, karani wa Mombasa na mkaguzi wa Kampala wanazungumza lugha hiyo hiyo moja siku nzima, halafu wanajaza fomu kwa nyingine.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kahawa, kwa kuwa muda wake unakaribia. Kanuni ya Ulaya ya 2023 dhidi ya ukataji misitu inadai kila shehena ijulikane imetoka shamba gani, shamba lisiwe limekatwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020, alama za mahali ziwe na desimali sita, na shamba linalozidi hekta 4 lichorwe mipaka yake yote. Imeahirishwa zaidi ya mara moja, haijafutwa. Sheria ya kahawa ya 2021 iliweka msingi wa kuandikisha wakulima. Daftari hilo ni mali ghali kuliko majengo yote yaliyohamishwa. Katika kuhama, hatari zake ni za kawaida sana: mkataba wa seva uliokuwa ukilipwa na Fungu 160 ukaisha bila mtu kujua, nywila zilizokuwa kwa mfanyakazi aliyeachishwa, nakala mbili za daftari zinazotofautiana. Chama cha ushirika chenye orodha yake kihifadhi nakala yake, kila mkulima na alama zake, na kisiikabidhi nakala pekee kwa ofisi yoyote.

Na kwenye ghala, siku ya kupakia: omba zitengwe sampuli mbili za gramu 300 kutoka punje zile zilizochanganywa, moja iende maabara, nyingine itiwe kwenye mfuko usiopitisha hewa mbele ya mkaguzi, ipigwe lakiri, iandikwe namba ya kontena, namba ya lakiri ya kontena na tarehe, na isainiwe na wote wawili. Iweke mahali pakavu mpaka mnunuzi alipe salio la mwisho.